Kusafiri Nje ya Kanada Maombi ya Ukaazi wa Kudumu Yakiwa Hatua za Mwisho

Kanada haikukatazi kutoka nchini eti kwa sababu maombi yako ya ukaazi wa kudumu, yaani PR, bado yako mezani. Hakuna ruhusa ya kutoka unayotakiwa kuomba, na faili halifungwi kwa kuwa tu umepanda ndege. Tatizo huja siku ya kurudi. Mtu aliyesikia kwamba "kusafiri kunaruhusiwa" hukata tiketi, akaenda, kisha akakwama kwenye kaunta ya shirika la ndege mbele ya mfanyakazi asiyejua faili lake limefika wapi na wala hana sababu ya kujali. Anachotaka huyo ni hati inayokubalika ya kuingilia Kanada. Barua ya IRCC, idara ya uhamiaji, inayosema maombi yako yamepokelewa si hati hiyo.

Swali la kuanza nalo basi ni hili: siku ya kurudi nitaonyesha nini? Jibu lake hubadilika kadiri maombi yanavyosogea, na badiliko kubwa kuliko yote hutokea siku ile ile unayokuwa mkaazi wa kudumu.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Ukiwa na jamaa Marekani au Uingereza, ushauri wao kuhusu safari usiuchukue, hata kama wamepitia mambo haya wenyewe. Marekani, anayeomba kadi ya kijani akiwa ndani ya nchi na akatoka bila idhini ya mapema huhesabiwa kuwa ameyatelekeza maombi yake, isipokuwa makundi machache kama wenye viza za kazi za H-1B na L-1. Uingereza, mwombaji wa ukaazi wa kudumu akitoka nje ya eneo lao la pamoja na Ireland kabla ya uamuzi, maombi huchukuliwa kuwa yameondolewa. Kanada haina kanuni ya namna hiyo. Ina mitego yake mingine.

Hatua ya kwanza: jua uko wapi kwenye foleni

Gawanya safari ya maombi katika vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni tangu ulipotuma maombi hadi kabla hujaulizwa pasipoti wala kuambiwa uthibitishe ukaazi. Hapa bado wewe ni mkaazi wa muda: mfanyakazi, mwanafunzi au mgeni. Kipindi cha pili ni pale maombi yanapokubaliwa na unasubiri kukamilisha, ama kwa mtandao ukiwa ndani ya Kanada, ama kwa kuingia mpakani ukiwa na COPR, ile hati ya kuthibitisha ukaazi wa kudumu. Kipindi cha tatu ni baada ya kuwa mkaazi wa kudumu, kadi ya PR ikiwa bado haijafika.

Ukiniuliza, safari ya kawaida ifanye katika kipindi cha kwanza, tena mapema. Kipindi cha pili tulia Kanada kama huna dharura. Kipindi cha tatu usitoke bila kadi mkononi. Mengine yote hapa chini ni kueleza kwa nini, na la kufanya pale maisha yasipokupa nafasi ya kuchagua.

Hatua ya pili: tenganisha kibali na viza

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata walioishi Kanada miaka mingi. Kibali cha kazi au cha masomo kinakuruhusu kufanya kazi au kusoma ukiwa ndani. Hakikupandishi ndege. Kinachokupandisha ndege ni viza ya mkaazi wa muda, ile stika iliyobandikwa kwenye pasipoti, au kwa raia wa nchi zisizohitaji viza, idhini ya kielektroniki iitwayo eTA. Unaweza kuwa na kibali cha miaka mitatu na viza iliyokufa mwaka jana. Ndani ya Kanada hilo halikusumbui hata kidogo, ndiyo maana watu hawaligundui hadi wamefika uwanja wa ndege wa nchi nyingine.

Fungua pasipoti sasa. Tazama tarehe ya mwisho ya viza, na tazama kama ni ya kuingia mara moja au mara nyingi. Ikiwa imekwisha na una kibali halali, unaweza kuomba nyingine ukiwa ndani ya Kanada, kwa mtandao, kisha ukaituma pasipoti ibandikwe. Fanya hivyo kabla ya kukata tiketi. Ukisema utaomba ukifika huko uendako, unaweka tarehe yako ya kurudi mikononi mwa ofisi ambayo foleni yake huijui. Viza pia haiwezi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwa hiyo kama pasipoti inakaribia kuisha, ifanye upya kwanza.

Kuna nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Ukienda Marekani peke yake, au visiwa vya Ufaransa vya Saint-Pierre-et-Miquelon vilivyo jirani na Kanada, na ukarudi moja kwa moja kabla muda wako wa kukaa Kanada haujaisha, huhitaji viza mpya ya Kanada hata kama ya zamani imekwisha. Ukipitia Mexico ukapumzike siku mbili, nafuu hiyo imekupotea. Na bila shaka utahitaji viza ya Marekani yenyewe.

Mpakani, ofisa akikuuliza kama umeomba PR, mwambie ndiyo. Watu huogopa kwamba wakikiri wataambiwa hawana nia ya kuwa wageni wa muda. Kifungu cha 22(2) cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinatambua waziwazi kwamba mtu anaweza kuingia kwa muda na papo hapo akawa na nia ya kukaa moja kwa moja. Uongo kwa ofisa ndio wenye gharama: kifungu cha 40 kinaweza kukufungia mlango kwa miaka mitano.

Hatua ya tatu: angalia kama uko katika kundi lisilotakiwa kutoka

Kundi la kwanza ni wanaoishi kwa hadhi iliyoendelezwa. Kibali chako kilikuwa kinaisha, ukaomba kiongezwe kabla hakijaisha, na sasa unaendelea kufanya kazi kwa masharti yale yale huku ukisubiri jibu. Haki hiyo ipo kwa sababu hujatoka Kanada. Ukitoka, inakatika. Hata kama una viza ya kuingia mara nyingi na ukaruhusiwa kuingia tena, utaingia kama mgeni, na hutaweza kurudi kazini hadi kibali kipya kitoke. Kwa mtu ambaye maombi yake ya PR yanategemea kazi hiyo, au ambaye ana kodi ya nyumba ya kulipa, hili si jambo dogo. Subiri kibali. Na kama hadhi yako imekwisha kabisa na uko ndani ya zile siku 90 za kuomba urejeshewe, usitoke kabisa.

Kundi la pili ni wenza wanaodhaminiwa, yaani wanaoombewa PR na mume, mke au mwenza wao, kwa njia ya ndani ya Kanada. Njia hiyo inadai kwamba uishi na mdhamini wako ndani ya Kanada. Safari fupi haivunji hilo. Lakini ukitoka kisha ukanyimwa kuingia, maombi yako yanaweza kukataliwa, na kwa njia hii hakuna rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji. Hubaki ila kuomba mahakama ya shirikisho ipitie uamuzi. Aliyeombewa kwa njia ya nje ya Kanada ana uhuru zaidi wa kusafiri, na maombi yakikataliwa mdhamini ana haki ya kukata rufaa. Kama bado hamjatuma maombi na mnajua mmoja wenu atalazimika kusafiri mara kwa mara, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua njia ya kuchagua.

Kundi la tatu ni wakimbizi, na hapa sina maneno laini. Kama kesi yako ya kuomba hifadhi haijaamuliwa, usitoke. Kama umeshakubaliwa kuwa mtu anayelindwa na unasubiri PR, safiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotolewa na Kanada, na usiende nchi uliyoikimbia. Usichukue pasipoti mpya ya nchi hiyo, wala usiitumie ya zamani. Serikali inaweza kudai kwamba umejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi hiyo na kuomba ulinzi wako ufutwe. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2012, ulinzi ukifutwa kwa msingi huo hata PR uliyokwisha kuipata huondoka nayo. Mzazi anaumwa, msiba umetokea, yote hayo yanaeleweka kibinadamu, lakini kisheria safari hiyo inaweza kukugharimu kila kitu. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa tiketi.

Hatua ya nne: maliza yanayodai mwili wako uwepo

Mwombaji hudaiwa alama za vidole na picha, vipimo vya afya, na pengine mahojiano. Barua za alama za vidole na vipimo kwa kawaida hutoa siku 30. Zote mbili zinaweza kufanyika nje ya Kanada, kwenye vituo vya maombi ya viza na kwa madaktari walioidhinishwa na IRCC, ila si kila mji una kituo wala si kila daktari ana nafasi wiki hiyo. Kama umeshapata barua, maliza kabla ya kuondoka. Kama hujapata, tafuta mapema kituo na daktari aliye karibu na unakokwenda, uandike anwani zao.

Vipimo vya afya hudumu miezi 12. Tarehe hiyo iandike mahali, maana COPR nayo hufungwa na tarehe ya vipimo au ya pasipoti, inayotangulia. COPR haiongezwi muda. Ukichelewa kuingia Kanada kabla haijaisha, unaweza kujikuta unaanza maombi upya.

Urefu wa safari nao una uzito. IRCC huomba vyeti vya tabia njema vya kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita. Ukienda "kwa muda mfupi" ukavuka miezi sita, usishangae kudaiwa cheti kipya na faili likasimama kukingoja.

Hakikisha pia unaweza kuingia kwenye akaunti yako ukiwa huko. Kama namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye laini ya simu ya Kanada ambayo haitashika mtandao ng'ambo, badilisha utaratibu huo kabla hujaondoka. Kama una mwakilishi, akubaliane nawe kwamba atakutafuta siku ile ile barua ikifika. Safari ya zaidi ya wiki chache itolee taarifa kwa fomu ya mtandaoni ya IRCC: namba ya maombi, tarehe za kwenda na kurudi, anwani na simu utakayopatikana nayo. Si sharti kwa kila safari fupi, lakini taarifa hiyo ikiwa ndani ya faili hukusaidia pale barua inapotoka ukiwa mbali. Ukibadilisha pasipoti, taarifa ni ya lazima, na nakala ya pasipoti mpya iambatane nayo.

Hatua ya tano: usirudi na familia mpya bila kusema

Safari nyingi katika kipindi hiki ni za ndoa, au huzaa mtoto miezi kadhaa baadaye. Kila mwanafamilia anayeongezeka kabla hujawa mkaazi wa kudumu lazima atajwe kwa IRCC na akaguliwe, hata kama haji Kanada nawe. Hilo linahusu mume au mke, mtoto, na hata mwenza mliyeishi pamoja mwaka mmoja bila ndoa.

Watu hunyamaza wakihofia faili litachelewa. Ni kweli linaweza kuchelewa. Lakini kanuni ya uhamiaji ya 117(9)(d) inasema mwanafamilia ambaye hakutajwa wala kukaguliwa wakati huo hahesabiwi kuwa wa familia pale utakapotaka kumdhamini baadaye. Maana yake, mtoto uliyemficha kwa miezi mitatu unaweza kushindwa kumleta kwa njia ya kawaida. Miezi michache ya kungoja ni nafuu kubwa mbele ya hilo. Ndoa ikifungwa Jumamosi, taarifa iende Jumatatu, cheti kifuate kikitoka.

Talaka na kifo cha mwenza navyo hutajwa, hasa kama mwenza huyo ndiye mdhamini au mwombaji mkuu.

Hatua ya sita: barua pepe ikikukuta ng'ambo

Siku hizi wengi walio ndani ya Kanada hukamilisha ukaazi kwa mtandao. IRCC hukuandikia kuuliza kama wewe na wote mnaoombewa pamoja mko Kanada, kisha hukufungulia akaunti kwenye tovuti ya kuthibitisha ukaazi. Huko unatoa matamko, unapakia picha yako itakayowekwa kwenye kadi na kuweka anwani ya Kanada, kisha unapata COPR ya kielektroniki. Sharti lake halina mlango wa nyuma: uwe ndani ya Kanada kwa mwili.

Kishawishi cha kubofya "niko Kanada" ukiwa sebuleni kwa mama ni kikubwa, na wapo watakaokwambia hakuna atakayejua. Mashirika ya ndege hutuma orodha za abiria, na Kanada hukusanya taarifa za wanaotoka nchini. Utakuwa umetoa tamko la uongo katika hatua ya mwisho kabisa ya maombi uliyoyahangaikia miaka. Jibu kwamba uko nje na utaje tarehe ya kurudi. Kwa kawaida utaachiwa ukamilishe ukirudi, au utaelekezwa njia ya mpakani.

Kwa njia ya mpakani, raia wa nchi zinazohitaji viza huombwa pasipoti, ambayo hurudi na viza ya ukaazi wa kudumu pamoja na COPR. Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Pasipoti ikiwa ofisini kwao, huendi popote, kwa hiyo usiahidi mtu harusi ya nchi jirani. La pili, mwombaji mkuu huingia kwanza au pamoja na familia. Mke au mtoto hawezi kumtangulia. Familia iliyogawanyika, baba yuko nje na mama na watoto wako ndani, ijipange upya kabla hata mmoja hajabofya chochote.

Unapoingia na COPR, beba orodha mbili za mali: unayoingia nayo, na itakayofuata baadaye. Usipoitaja ya pili siku hiyo, mzigo ukija unaweza kutozwa ushuru. Fedha taslimu za dola 10,000 za Kanada au zaidi hutajwa kwa maandishi. Kubeba si kosa, kuficha ndiko kosa.

Hatua ya saba: umeshakuwa PR, kadi haijafika

Hapa ndipo mtego niliougusia mwanzoni. Jana ulikuwa na viza ya kuingia mara nyingi inayodumu miaka mingine minne. Leo umethibitishwa kuwa mkaazi wa kudumu, na hati ya mkaazi wa kudumu ya kupandia ndege kurudi Kanada ni kadi ya PR, au hati ya safari ya mkaazi wa kudumu, PRTD. Mkaazi wa kudumu hapewi viza ya mgeni wala eTA. COPR peke yake nayo haitoshi kwenye kaunta ya ndege.

Kadi ya kwanza hutumwa yenyewe, bila kuiomba, mradi umetoa anwani na picha ndani ya siku 180. Baada ya hapo huna budi kuiomba na kuilipia dola 50. Hutumwa kwenye anwani ya Kanada tu. Rafiki anaweza kukupokelea, lakini kumwambia akuletee ng'ambo kwa posta ni kucheza kamari na hati ambayo ikipotea itakubidi uanze kueleza ilikuwaje.

Kwa hiyo, kama una safari isiyoahirishika wiki mbili zijazo na tovuti ya kuthibitisha ukaazi imekufungukia leo, fikiri kabla ya kukamilisha. Mara nyingine ni busara kwenda na kurudi kwa viza yako ya muda, ukiwa umeieleza IRCC, kisha ukakamilisha ukirudi. Angalia tu kwamba vipimo vya afya, pasipoti na kibali havikuishii katikati.

Ukiwa umetoka tayari bila kadi, unaomba PRTD ukiwa nje; ndani ya Kanada haiombwi. Ada ni dola 50, na kwa kawaida huingilia mara moja. Njia ya pili ni kuingia Marekani kisha kuvuka mpaka wa ardhini kwa gari binafsi, ambapo COPR na pasipoti vinaweza kutosha kumwonyesha ofisa kwamba wewe ni mkaazi. Basi na treni ni habari nyingine, maana wao kama ndege hudai kadi kabla hujapanda. Na bila ruhusa ya kuingia Marekani njia hii haipo.

Mkobani

Beba mkononi, si kwenye begi linalopakiwa: pasipoti, na ile ya zamani kama ndiyo yenye viza, kibali cha kazi au masomo, barua ya kupokelewa maombi, barua ya mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini, au ya chuo, na kwa wenza, kitu kinachoonyesha mnaishi pamoja, kama mkataba wa nyumba. Kata tiketi inayobadilishika hata ikizidi bei kidogo.

Ukiwa umewahi kukataliwa viza, una kesi ya jinai popote pale, au kuna miezi ambayo hadhi yako ilikatika, mlipe mwanasheria au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa asome faili lako kabla ya safari. Mshauri asiyeweza kukuonyesha namba yake ya usajili, mwache.

Tarehe za kila kutoka na kuingia ziandike, pamoja na nchi uliyokwenda. Utazihitaji kuonyesha siku 730 za kuwepo Kanada katika kila miaka mitano ili kulinda PR, na tena siku ya kuomba uraia, ambako huhesabiwa siku 1,095 katika miaka mitano. Kila siku uliyokuwa Kanada kihalali kabla ya PR huingia kama nusu siku, hadi kikomo cha siku 365. Siku ulizokuwa ng'ambo ukisubiri hazimo katika hesabu hiyo.